Gripu za joto kwenye pikipiki ya kupelekea mizigo: soma kabla hujanunua, na kabla hujaanza kuziuza

Tangu baridi ianze nimeulizwa swali moja na watu wengi wa mikoa ya huku juu: "Dada, zile gripu za kupasha mikono joto zinafaa kweli, au ni mbwembwe tu?" Nimeshazitumia, nimeshaziuza, na nimeshapata hasara kwa sababu yake. Kwa hiyo leo naandika kirefu kidogo. Chukua chai.

Kwa wasionijua, mimi nauza vyombo vya ndani mtandaoni: glasi, hotpoti, seti za sahani, vikombe. Niko Njombe mjini. Oda nyingi zinaingia usiku kupitia status, na asubuhi napanda pikipiki mwenyewe kupeleka Uwemba, Ilembula, na siku tatu kwa wiki Makambako, ambako ni kilomita 60 hivi kutoka hapa. Lazima niwahi. Mteja wa kijijini akishaingia shambani au gulioni humpati tena mpaka jioni, na akikaa na hela mkononi siku nzima zinapata kazi nyingine.

Sasa anayeijua Njombe ya mwezi wa sita mpaka wa nane anajua ninachosema. Ukungu, umande, na baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi ya nyuzi 8 ukiwa umesimama barazani unaona kawaida tu, unasugua mikono basi. Ila ukiwa kwenye pikipiki kilomita 60 kwa saa, ule upepo unafanya ngozi iliyo wazi ihisi kama nyuzi 2. Na mikono ndiyo iko mbele kuliko kitu chochote. Haina pa kujificha.

Mwaka juzi mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa naelekea Makambako na boksi la glasi nyuma. Ng'ombe wawili wakakatiza kutoka kwenye ukungu. Niliwaona mapema, hilo naapa. Tatizo vidole. Nilitaka kubana breki, vidole vikawa kama si vyangu, vimekufa ganzi, vikachelewa. Nikaingia mtaroni. Mimi nilichubuka goti, namshukuru Mungu. Glasi zote kwisha, hotpoti moja imebonyea. Oda tatu za siku hiyo nikazirudisha hela, jumla 140,000. Mteja mmoja mpaka leo hajanunua tena kwangu, alishanunua kwa mwingine.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta gripu za joto. Na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa sababu nilianza na umeme kabla ya kuzuia upepo.

KWANZA ZIBA UPEPO

Gripu ya joto inapasha kiganja. Mgongo wa mkono na ncha za vidole, ambavyo ndivyo vinapigwa na upepo, haivifikii vizuri. Nilipofunga gripu zangu mara ya kwanza nikaenda nazo bila kinga yoyote, viganja vilikuwa vinakaangika huku juu ya vidole panauma vilevile. Umeme unatengeneza joto, upepo unalichukua palepale, unamwaga porini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, hata kabla hujauliza bei ya gripu, ni mifuko ya usukani. Ile inayofunika mkono mzima pamoja na breki na klachi, unaingiza mkono kama unaingiza mfukoni. Mimi nilimpelekea fundi cherehani kipande cha turubai na blanketi kuukuu, akanishonea kwa 18,000 na vifaa vyake. Turubai nje, blanketi ndani, na mkanda wa kukazia upande wa ndani wa usukani.

Lakini angalia hapa, mfuko mbaya unaua. Mfuko ukilegea, upepo wa mbele unaweza kuusukuma ukagusa mkono wa breki, taa ya breki ikabaki inawaka, au mbaya zaidi ukabana klachi kidogokidogo mpaka sahani zake ziungue bila wewe kujua. Ukishafunga, kaa kwenye pikipiki ikiwa imezimwa, ingiza na utoe mikono mara 20 bila kuangalia. Kama kuna mara moja tu kidole kimenasa, mrudishie fundi apanue mdomo. Siku ya kudondoka unahitaji mikono yako itoke haraka.

Halafu kifua. Watu hawaamini hili, wanadhani naongelea mambo mengine. Mwili ukipata baridi kifuani na tumboni, unapunguza damu inayokwenda mikononi ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Ukivaa koti zito la kuzuia upepo na kufunga shingo, vidole vinapona nusu ya mateso hata bila gripu. Kuna siku nimeweka gazeti chini ya koti na nikafika salama. Usicheke.

Ukifanya hayo mawili na njia yako ni ya dakika kumi na tano tu mjini, huenda gripu za joto huzihitaji kabisa. Hela hiyo weka kwenye mzigo. Mimi njia yangu inazidi saa moja, ndiyo maana sikuishia hapo.

SASA UMEME

Hapa ndipo hela za watu zinapopotea, nisome taratibu.

Gripu kamili za joto, zile zinazofungwa kwenye betri ya pikipiki, nyingi zikiwekwa kwenye joto la juu kabisa zinakula umeme kati ya ampea 3 na 4. Zidisha kwa volti 12, unapata kama wati 36 mpaka 48. Kwenye gari hiyo ni chenji. Kwenye pikipiki zetu za sisiemu 125 au 150, ni sawa na kuongeza taa ya mbele ya pili, kwa sababu taa ya mbele ya kawaida ni wati 35.

Umeme wa pikipiki unatoka kwenye magneti, inayozungushwa na injini. Pikipiki ikiunguruma tu pale stendi ukisubiri mzigo, magneti inatoa umeme kiduchu. Ukitembea barabarani inatoa wa kutosha. Ila huo wa kutosha tayari una wenyewe: taa, indiketa, honi, taa ya breki, moto wa plagi, na kuchaji betri. Kinachobaki ndicho unachoweza kuwapa gripu. Kikiwa hakitoshi, gripu zinakunywa betri. Betri za pikipiki hizi ni ndogo, nyingi ni kati ya 5 na 9 kwa ile hesabu ya ampea kwa saa. Betri ya 7 ukiifungia gripu za ampea 4 na magneti haisaidii, kwa karatasi inakata kabla ya saa mbili. Kwa uhalisia inakata mapema zaidi, na pikipiki yako inagoma kuwaka kwa kubonyeza muda mrefu kabla hapo. Kama kiki yako imeshakufa, utasukuma.

Fundi wangu alinifundisha kipimo kimoja ambacho hakihitaji kununua gripu kwanza. Ninakipenda sana. Unahitaji mita ya umeme, zile ndogo za bei rahisi zinatosha, na globu ya zamani ya taa ya mbele ya wati 35 ambayo bado inawaka.

Asubuhi kabla ya kuwasha, pima betri. Ikiwa nzima na imejaa utaona volti 12.6 hivi. Ukiona 12.2 au chini, shughulika na betri kwanza, gripu baadaye. Washa pikipiki, mtu avute mafuta kwa kiwango kile unachotembea nacho barabarani, si kuingurumisha kama mwendawazimu. Mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Hapo magneti inachaji vizuri. Sasa washa taa, kisha ile globu ya zamani iunge na betri kwa nyaya mbili, chanya na hasi. Globu inapata moto sana, ishike kwa kitambaa kikavu. Globu hiyo inakula karibu ampea 3, kwa hiyo ndiyo gripu yako ya maigizo. Angalia mita. Ikibaki kwenye 13 na kitu na imetulia, pikipiki yako inaweza. Ikishuka kwenye 12 na inaendelea kuteremka taratibu, magneti imezidiwa, na gripu za ampea 4 zitakulaza njiani.

"Dada, umeona?" aliniambia fundi siku hiyo. "Mita haina undugu na mtu."

Yangu ilishuka mpaka 12.7. Nikanyong'onyea, maana gripu nilishanunua.

Kilichoniokoa ni taa. Na hapa kuna mtego. Watu husema badilisha globu ya wati 35 uweke ya LED ya wati kama 10 hivi, utaokoa umeme. Ni kweli kama taa yako inakula umeme wa betri. Pikipiki nyingi ndogo taa yake inakula moja kwa moja kutoka kwenye magneti, haipiti betri kabisa, na hapo ukibadilisha globu betri yako haitaona faida yoyote. Kujua ni rahisi: zungusha ufunguo bila kuwasha injini, washa taa. Ikiwaka, inatumia betri. Isipowaka mpaka injini izunguke, inatoka kwenye magneti. Yangu iliwaka. Nikabadilisha globu, nikarudia kipimo, mita ikasoma 13.3. Nikapumua.

Na usikubali fundi yeyote akuungie gripu kwenye ule waya wa taa unaotoka moja kwa moja kwenye magneti eti "umeme upo mwingi hapa". Umeme ule unapanda na kushuka kila ukivuta mafuta, na zile swichi za kisasa za gripu zenye ubongo wa elektroniki zitaungua.

ZA AINA GANI?

Ziko aina kadhaa sokoni, na nitasema ninavyoziona mimi.

Za kuchomeka kwenye USB za simu, za kuzungushia juu ya gripu. Rahisi, hazihitaji fundi. Lakini fanya hesabu: volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10 kwa mikono yote miwili. Ni kama kushika kikombe cha chai iliyoanza kupoa. Ukiwa na mifuko ya usukani zinasaidia kidogo, na kwa pikipiki yenye magneti dhaifu huenda ndicho pekee unachoweza kubeba. Bila mifuko, usipoteze hela.

Za kuzungushia zinazofungwa kwenye betri. Zina joto zaidi na unaweza kuzivua kiangazi. Ubaya wake zinanenepesha gripu. Mimi nina mikono midogo, kushika kitu kinene saa nzima mkono unachoka, na kidole kinafika mbali kwenye breki. Na isipokazwa vizuri upande wa mafuta, inazunguka yenyewe kama soksi iliyolegea. Hapana kwa kweli.

Karatasi za joto zinazobandikwa chini ya gripu zako za kawaida. Ni rahisi kwa bei na hazinenepeshi sana. Ukinunua hizi angalia kama moja imeandikwa kushoto na nyingine kulia. Upande wa klachi karatasi inalala juu ya bomba la chuma, na chuma kinanyonya joto. Upande wa mafuta inalala juu ya bomba la plastiki linalohifadhi joto. Kwa hiyo watengenezaji wengine wanazifanya tofauti makusudi. Ukizibadilishana, mkono mmoja unaungua na mwingine unaganda. Hata zikiwa sawa, mwambie fundi azungushie kitu cha kuzuia joto lisiingie kwenye chuma upande wa klachi kabla ya kubandika.

Gripu kamili, ambazo waya wa joto umeshazamishwa ndani ya mpira. Hizi ndizo ninazotumia. Ni ghali zaidi lakini zinadumu na joto lake limetapakaa sawasawa.

Kwa gripu kamili kuna vipimo. Usukani wa pikipiki zetu nyingi bomba lake ni milimita 22. Lakini upande wa mafuta kuna lile bomba la plastiki linalozunguka juu yake, kwa hiyo gripu ya kulia lazima iwe na tundu kubwa zaidi, kama milimita 25. Seti sahihi ina gripu mbili zenye matundu tofauti. Ukiona seti ambayo matundu yote mawili ni 22, hiyo ni ya zile pikipiki za magurudumu manne, ambazo mafuta yake yanasukumwa kwa kidole gumba. Haitaingia kwako hata uipake mafuta ya nazi. Na zile pikipiki kubwa za kizungu, nyingine usukani wake wenyewe ni milimita 25.4. Pima na urefu pia: gripu nyingi ni milimita 120 mpaka 130. Ikizidi nafasi uliyonayo itagusana na kibanda cha swichi.

Wenye skuta, vipimo vya bomba mara nyingi ni hivyohivyo, ila mkono wenu wa kushoto ni breki, si klachi. Kwa hiyo mfuko wa usukani ukibana upande wa kushoto mnapata breki ya nyuma inayoburuza safari nzima. Angalieni mara mbili.

KUFUNGA

Sitawafundisha ufundi, mimi ni muuza vyombo. Lakini nitawaambia vitu ambavyo nasimama pale pale kuvikagua.

Umeme utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu na betri. Kwa gripu za ampea 4, fyuzi ya 5 inatosha. Fundi akikuwekea ya 20 kwa sababu ndiyo aliyonayo, mwambie aende dukani. Fyuzi kazi yake ni kuungua kabla waya haujaungua, sasa ukiweka ya 20, waya utatangulia.

Kuwe na rilei inayowashwa na ufunguo. Maana yake ukizima pikipiki, gripu zinajizima. Gripu nyingine zinakuja na swichi inayojizima yenyewe betri ikishuka, ni kitu kizuri, lakini mimi nataka vyote viwili. Utafika kwa mteja, atakwambia "karibu ndani dada, kamwene, kunywa uji," utakaa nusu saa, na gripu zinawaka nje.

Gripu za zamani zikitoka, bomba lisafishwe likauke kabisa. Gripu mpya zigandishwe kwa gundi inayovumilia joto. Gripu inayozunguka yenyewe upande wa mafuta ni hatari sawa na breki mbovu.

Waya wa upande wa mafuta ndio wa kuangalia kuliko vyote, kwa sababu unazunguka na mkono wako kila siku. Uachiwe kitanzi kidogo, utazame upande ambao hautagusa mkono wa breki wala kibanda cha swichi. Kisha jaribu hivi: zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, vuta mafuta yote, achia. Lazima yarudi yenyewe kwa kishindo. Zungusha kulia mpaka mwisho, rudia. Kisha washa injini, na bila kugusa mafuta zungusha usukani pande zote. Kama mngurumo unapanda, kuna kitu kinavuta. Usiondoke hapo gereji. Fundi atakwambia "itazoea". Haizoei.

KUTUMIA

Washa injini kwanza, gripu baadaye. Kuwasha injini ndiyo kazi kubwa ya betri, usiinyang'anye. Ukishaanza kutembea, weka joto la juu dakika tano, kumi, kisha punguza. Mimi nikiwa na mifuko ya usukani, kipimo cha pili kati ya vitano kinanitosha njia nzima mpaka Makambako, na hapo gripu zinakula kidogo sana kuliko mwanzo. Hii ndiyo siri niliyochelewa kuijua: mifuko inapunguza umeme unaohitaji. Ukikaribia kufika, kilomita mbili tatu za mwisho, zima kabisa ili betri imalizie kujaa. Ukisimama kwenye foleni au kusubiri basi stendi huku injini inaunguruma, zima.

Glavu vaa nyembamba upande wa kiganja. Glavu nene ya sufi inazuia joto la gripu kukufikia.

Na jambo la afya. Mkono uliokufa ganzi hausikii kama unaungua. Ukianza safari na mkono umeshakufa ganzi usiweke joto la juu kabisa na kubana kwa nguvu, anza chini. Ukiwa na mzazi au mteja mwenye kisukari ambaye mikono yake imepungua hisia, mwambie wazi kwamba kwake joto la juu si la kuchezea. Na wale wanaosimama wanashika ekzosi ili kupata joto, jamani, nimeona mtu ametoka malengelenge. Weka mikono kwapani, chini ya koti, dakika tatu tu.

HESABU YA BIASHARA

Gripu zilinifikia kwa 75,000. Fundi, rilei, fyuzi na nyaya 23,000. Jumla 98,000, globu ya LED nimeiweka pembeni kwa sababu ningeibadilisha tu. Safari zangu za Makambako ni tatu kwa wiki, mwezi wa sita mpaka wa nane ni kama safari 39. Ukigawanya, kila safari imebeba kama 2,500 kwa msimu wa kwanza. Mifuko ya usukani ya 18,000 ukiigawa hivyohivyo ni chini ya 500 kwa safari. Ndiyo maana nasema anza na mifuko. Gripu zinakuja baada ya kuona njia yako inazihitaji na magneti yako inazibeba. Na gharama hizi ziingize kwenye hela ya usafirishaji unayomwambia mteja. Ukiibeba mwenyewe unajidanganya kwamba unapata faida.

Mwisho niwaambie wale mnaotaka kuziuza, maana najua mpo, na baridi ikianza kila mtu anazipandisha kwenye status.

Niliagiza seti sita kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Moja nikajifungia. Nne nikauza ndani ya wiki mbili, nikajiona mjanja. Wa kwanza kununua alikuwa na pikipiki ndogo ya zamani, asubuhi ya tatu betri imelala, akanipigia simu akiwa porini na kuku wa watu kwenye tenga. Wa pili gripu hazikuingia, ndipo nilipogundua kwamba kwenye boksi langu seti mbili zilikuwa zile za magurudumu manne, picha ni ileile kabisa. Wa tatu fundi wake aliunga moja kwa moja kwenye betri bila rilei, akalala nazo zinawaka. Wa nne ana pikipiki kubwa, yeye mpaka leo ananisifia.

Wa pili nilimrudishia hela yote, kosa lilikuwa langu. Wa kwanza nilimrudishia nusu, kwa sababu gripu zilishagandishwa kwa gundi na siwezi kuziuza tena, lakini na mimi sikumuuliza chochote kabla ya kuchukua hela yake. Wa tatu tulielewana nikamlipia rilei na kazi ya fundi. Faida ya seti nne ikaishia hapo, na kidogo ikatoka mfukoni.

Sasa hivi mtu akiniuliza bei, kabla ya kutaja namwomba vitu vitatu: picha ya usukani wake upande wa mafuta, sisiemu za pikipiki yake, na kama taa ya mbele inawaka kabla ya injini. Namtumia na maelezo ya kipimo cha globu kwa sauti, dakika mbili. Wengine wanakasirika, wanasema mbona maswali mengi kama polisi. Kuna kijana wa Makete wiki iliyopita alifanya kipimo, mita ikashuka mpaka 12.5, nikamwambia asinunue. Nikamwelekeza kwa fundi wangu wa cherehani, akashonewa mifuko. Jana ameniagizia hotpoti mbili za mama yake.

Zile seti mbili za magurudumu manne bado ziko kabatini. Kama kuna mtu ana chombo cha aina hiyo shambani, huko kwenye mbao au parachichi, anicheki, nitampa kwa bei niliyonunulia.